Nusu ya Shemeji, Nusu ya Serikali

Benchi lenyewe ni ubao mmoja uliolazwa juu ya rimu mbili za lori, ubavuni mwa kibanda cha kinyozi, na anayetaka kukaa sharti aombe mwenzake asogee. Saa nne asubuhi hujaa watu wenye kazi zao ambao hawazifanyi. Siku hiyo wa kwanza kufika alikuwa Transfoma, na uso aliukunja mpaka muuza kahawa akammiminia bila kumuuliza chochote. Transfoma ni fundi wa kusuka nyaya za mota, mikono yake inajulikana mtaa mzima, na hapo benchini neno “fundi” likitamkwa huwa yeye ndiye anayegeuka. Sasa jana jioni mkewe kaingia nyumbani anacheka peke yake. Mdogo wake, yule shemeji anayefuga kuku, kapata ruzuku ya serikali ya utafiti na ubunifu kwa biashara ndogo, kwa mashine ya kuangulia vifaranga! Transfoma alisukuma sahani pembeni akasema ameshiba. Hakuwa ameshiba. Ulikuwa wivu, tena mwenyewe alijua ni wivu, ila kufikia asubuhi alikuwa ameshaubatiza jina la haki.

— Nusu kwa nusu, alisema, kikombe hakijafika mdomoni. Yeye anaweka nusu ya gharama, serikali inaweka nusu. Kwa wazo langu mimi!

— Wazo lako lipi? aliuliza Redio, yule kinyozi, aliyeitwa hivyo kwa sababu hazimiki.

— La mashine! Miaka mitatu iliyopita, nani alichukua friji bovu akatia balbu na feni ndani?

— Wewe.

— Na lile ganda la friji nani alimpa shemeji?

— Si ulimwambia aliondoe, linakuzibia mlango?

— Kumpa ni kumpa.

— Lakini yako si iliyapika mayai?

— Yale mayai yalikuwa mabovu!

— Mabovu wapi, bwana. Mimi nilikula manne. Yalitaka chumvi tu.

Transfoma alimtazama kwa jicho ambalo lingemnyamazisha mtu mwingine yeyote. Ikabidi aingilie Katibu, mzee aliyestaafu ukarani, ambaye mpaka leo hatoki nyumbani bila kalamu mbili mfukoni.

— Nyinyi hamwijui serikali, alisema Katibu. Mimi nimekaa ndani yake miaka thelathini. Haitoi nusu hivi hivi. Wakitoka vifaranga kumi, watano ni wa serikali.

— Watano hao wanapelekwa wapi?

— Wanapangiwa vituo.

— We!

— Ndiyo. Na kuku wa serikali huwezi kumchinja. Ukimchinja ni kesi. Na jogoo wake hawiki alfajiri, anawika saa mbili kamili, ofisi zikifunguliwa. Jumamosi na Jumapili kimya.

— Hiyo ndogo, alidakia Redio. Mimi nimeambiwa na mteja wangu, tena mtu mzima, wa ndevu. Ndani ya mashine wanafunga kidude. Kila yai likipasuka, huko wizarani kengele inalia. Leo wanahesabu mayai, kesho watakuja kutuhesabu sisi hapa.

— Kuwahesabu nyinyi kuna ugumu gani, alisema muuza kahawa. Hambanduki.

Walicheka wote, ila si Transfoma. Si ruzuku peke yake iliyomuuma. Lililomchoma ni neno moja alilolisema mkewe wakati anavua viatu: “Mdogo wangu ana akili sana.” Alilisema kwa sauti ya mapenzi, bila kumlenga mtu. Miaka kumi na mitano ya ndoa, mota kwa mamia, jokofu, pasi, hata kengele ya shule, na Transfoma hajawahi kuambiwa hivyo ndani ya nyumba yake.

— Katibu, niandikie barua.

Katibu alikuwa ameshatoa karatasi. Akaandika, huku akisoma kwa sauti ya ofisini:

— “Kwa mhusika. Mimi ndiye mwenye mashine. Nimeporwa wazo langu.”

— Tia “mchana kweupe.”

— “Mchana kweupe. Hivyo naomba...” Unaomba nini? Mgawane?

— Ruzuku isimamishwe.

Muuza kahawa aliacha kumimina.

— Fundi, huyo ni mdogo wa mkeo, alisema polepole. Watoto wako wanamwita mama mdogo.

— Andika, Katibu.

Katibu aliandika, safari hii bila kusoma. Transfoma akatia sahihi, ya kwake ile yenye mkia mrefu, na kwa mara ya kwanza tangu jana akavuta pumzi mpaka chini. Hata hajaikunja barua vizuri, mwanamke mmoja mwenye faili kwapani akasimama mbele yao, viatu vimejaa vumbi.

— Hamjambo, wazee wangu? Natokea ofisi ya ruzuku. Namtafuta fundi mmoja wa mota, anaitwa Transfoma.

Benchi lote lilinyooka. Transfoma aliitelezesha barua chini ya paja.

— Ndiye mimi. Labda unamtafuta shemeji yangu?

— Kwa shemeji yako ndiko nimetoka. Nimekuja kwako wewe.

Ah, hapo Transfoma alivimba! Aliwaangalia wenzake mmoja mmoja, akamsogeza Redio kwa kiwiko mpaka nafasi ikapatikana, akaagiza kahawa ya mgeni.

Mgeni alikaa, akafungua faili.

— Fomu yetu ina sehemu ya majaribio yaliyoshindwa. Wengi wanairuka, wanaona aibu. Shemeji yako ameandika kumi na saba. Mara alisahau kugeuza mayai, mara maji yalikauka. Lakini jaribio la kwanza si lake. Sikilizeni alivyoandika: “Hili alilifanya shemeji yangu, fundi. Yeye ndiye aliyewaza kutumia friji, mimi nimemfuata. Naomba jina lake liwe pamoja na langu.”

Transfoma alihisi karatasi chini ya paja, akaikandamiza zaidi.

— Na sisi tumekubali, aliendelea mgeni. Imebaki sehemu moja, yeye hakuweza kuijaza kwa sababu siku hiyo hakuwepo. Jaribio lako, fundi, lilishindwa kwa nini?

— Ma... mayai, alianza Transfoma.

Redio alikohoa. Manne aliyokula yalikuwa mazima.

Transfoma aliijua sababu, na aliijua miaka yote mitatu. Alipanga mayai thelathini, akawasha balbu, akaona kipimajoto kinapanda vizuri. Kisha akafunga karakana, akaja hapa benchini kuwatangazia kwamba ametengeneza mashine inayoatamia bila kuku. Wakamshangilia. Wakamtaka aeleze tena, wakambishia, wakamnunulia kahawa, Katibu akasema mtu kama huyu anastahili nishani. Alirudi karakana baada ya muda wa saa tano, akakuta karakana nzima inanukia mayai ya kuchemsha.

Mgeni alisubiri, kalamu juu ya karatasi. Alipoona fundi hajibu, akawageukia wenzake kwa upole, kama mtu anayetaka tu kumaliza kazi yake.

— Basi nisaidieni nyinyi marafiki zake. Mashine ilipokuwa inawaka, fundi alikuwa wapi?

Katibu alivua miwani akaanza kuifuta. Redio alitazama viatu vyake. Muuza kahawa alimtazama Transfoma, Transfoma akatazama ubao waliokalia, na mgeni akarudia swali, akidhani hawakumsikia.