Kanuni ya Shemeji: Maneno ya Kumuaga Mama Steinvör

Mheshimiwa Waziri wa Sayansi na Ubunifu, Waheshimiwa Wabunge, Wakuu wa Vyuo Vikuu, Wajumbe wa Baraza la Utafiti, ndugu watafiti mliopata ruzuku, nanyi ndugu watafiti mliokosa ruzuku lakini mkaja hivyo hivyo kwa kuwa mlisikia kuna keki, nawe, Mama Steinvör Ketilsdóttir, mkurugenzi wetu unayestaafu leo, unayenitazama sasa hivi kama unavyolitazama ombi lililochelewa: habari za mchana.

Najua mnanong'onezana. Imekuwaje mama huyu, Mwaislandi wa kutoka utosini hadi unyayoni, akaagwa na Mpolandi? Kamati ya maandalizi ilikuwa inatafuta mtu wa kumsifu ambaye hana undugu naye. Huyu binamu, yule mkwe, huyu walikaa dawati moja, yule nusura amwoe dada yake. Walipochoka kupekua, wakanikumbuka mimi, Zenon Wilczek, mzaliwa wa Gdynia kule Poland, naibu wake kwenye kamati ya kupima maombi. Basi msinipigie makofi kwa ufasaha. Nipigieni kwa sababu ya ukoo wangu kuwa mbali.

Ndugu wageni waalikwa, zamani fedha za sayansi katika nchi hii ziligawanywaje? Hakuna aliyeiba. Tusisingiziane. Watu walipendana tu! Mjumbe alilisoma ombi la mpwa wake, akakumbuka alivyokuwa mtoto mwema, akatia sahihi. Kisha Bunge likapitisha sera mpya ya utafiti na ubunifu, na kila mtu akasifu kurasa za mwanzo, zile zenye setilaiti, nishati safi na mustakabali uliopigwa picha jua likichomoza. Mama Steinvör yeye alifungua nyuma, kwenye ukurasa usiosomwa na mtu, ule wa namna maombi yatakavyopimwa. Akaupigania uongezwe sentensi moja: asiwepo mtu wa kulipima ombi la ndugu yake, mkwe wake, rafiki yake, wala la mtu aliyewahi kugombana naye.

Maofisa wakaicheka wakaiita Kanuni ya Shemeji. Wakaicheka mpaka siku ya kikao cha kwanza.

Lilikuja ombi la Álfdís, msichana wa Seyðisfjörður, aliyetaka kujua kama vifupa vya masikioni mwa samaki aina ya chewa vinaweza kutuambia samaki huyo alizaliwa fiyodi gani, yaani ghuba gani nyembamba kati ya milima. Mama Steinvör akauliza, "Kuna anayemfahamu mwombaji?"

Bwana wa uvuvi akainuka. "Ni mtoto wa dada yangu." Akatoka.

Profesa wa biolojia akakohoa. "Mimi ndiye niliyemfundisha. Na mama yake ndiye aliyenifundisha mimi." Akatoka.

Bibi wa viwanda akakusanya vitu vyake bila haraka. "Mimi na baba yake hatusalimiani. Ni habari ya kondoo."

"Kugombana kumo kwenye kanuni," akasema Mama. "Toka, dada."

Tukabaki wawili na birika la kahawa. Akanigeukia: "Zenon, una ndugu Seyðisfjörður?"

"Mama, sina ndugu kisiwa kizima."

Akashusha pumzi. "Mungu akuzidishie upweke."

Dua hiyo haikupokelewa. Mwaka uliofuata niliingia ofisini kwake na furaha yangu, nikamwambia nimepata mchumba. Je, aliuliza kama ni mzuri? Aliuliza kama ananipenda? "Wa wapi?" aliuliza. Nikasema anaitwa Dagrún, wa Húsavík. Mama akajishika kichwa: "Húsavík! Bwana we, nilikuwa nakutegemea kwa kaskazini yote!" Arusini alikuja na zawadi nzuri, akapita meza kwa meza akiwasalimia wakwe zangu, na kila aliyetaja kazi ya utafiti nilimwona Mama akinitazama kwa masikitiko.

Lakini hakukaa akasikitika. Alipanda ndege akaenda Estonia, akaenda Slovenia, akaenda Malta, akawaambia wenzake: sisi wa nchi ndogo tupimiane maombi, ninyi yetu, nasi yenu. Malta hawakuhitaji hata kuelezwa tatizo. Walimkumbatia kama mtu aliyewaletea dawa.

Sasa naomba nimtaje mtu aliyeketi pale kando ya dirisha, ambaye ameniruhusu, ingawa kwa kununa. Hjörleifur, mume wa Mama, alitumia maisha yake kuyachunguza maji yanayopita chini ya barafu ya Langjökull. Alikuwa na kituo chake ukingoni mwa barafu, kibanda alichokijenga kwa mikono yake. Vyombo vilikuwa vimezeeka. Bila ruzuku, kituo kilikuwa kinafungwa. Akaomba kama raia yeyote. Siku ya kikao Mama akasimama, akanikabidhi kiti, akatoka.

Alama zilikuwa zimetoka ng'ambo. Nafasi ilibaki moja, na waombaji wawili walikuwa wanakabana koo: Hjörleifur, na yuleyule Álfdís wa masikio ya samaki, ambaye ombi lake lilikuwa bado linangoja wapimaji tangu kikao kile cha kwanza, akiwa mbele kwa unywele. Mjumbe mmoja akasema, "Unywele si kitu. Mama wa watu ametutumikia, tumpe mumewe." Nikauliza, "Na kama angekuwa mume wa jirani?" Tukampa Álfdís.

Nilimkuta Mama kwenye ujia, anafuma sweta. "Usiniambie kitu," akasema. "Sikuwamo."

"Lakini mama, mumeo..."

"Mwombaji. Mwombaji huarifiwa na mwenyekiti, na mwenyekiti ni wewe. Anaishi kwangu. Njoo jioni, kuna supu ya kondoo."

Mnaijua njia ndefu zaidi mjini Reykjavík? Ni ile ya kwenda kula supu kwa mtu uliyemnyima. Hjörleifur alifungua mlango, akaniangalia usoni. "Nimekosa."

"Umekosa, mzee wangu."

"Kwa mbali?"

"Kwa unywele."

Akamgeukia mkewe. "Na wewe ulikuwa wapi?"

"Nje. Nafuma sweta."

"La nani?"

"Lako."

"Haya," akasema, "angalau nitafukuzwa kazi nikiwa na joto." Tukala. Hakuna aliyeomba kuongezewa.

Hapo, ndugu zangu, mzaha unapumzika kidogo. Vuli ile Hjörleifur alikifunga kituo. Alivishusha vyombo kimoja kimoja, na nyumbani kwao, naambiwa, yalibaki mazungumzo ya paka tu: paka kala, paka katoka. Asubuhi moja Mama aliniuliza, bila kugeuka kutoka dirishani, "Zenon, tumekosea?" Nilimmiminia kahawa.

Kisha ikaja aibu, au tuliyoidhani aibu. Utafiti wa Álfdís ulikamilika, na jibu lake likawa: hapana. Masikio ya chewa hayasemi alikozaliwa. Magazeti yakachekelea, na waziri wa enzi hizo, si wewe, Mheshimiwa, kaa kwa amani, akaitaka kamati ya Bunge iifute kanuni. "Nchi ni ndogo hii," alisema. "Tukiwatoa mashemeji wote, nani atabaki?"

Mama alijibu mbele ya kamati hiyo, "Tuliuliza, tukaambiwa hapana. Hapana ni jibu. Ninyi wanasiasa hamjalizoea tu." Watu wakacheka, lakini kura zilikuwa bado hazijatosha, tulizihesabu kwa macho tukaona tumekwisha.

Ndipo nyuma ya ukumbi akasimama mtu ambaye hakualikwa, kavaa sweta jipya. Mwenyekiti wa kamati akamwuliza yeye ni nani katika jambo hili. "Mimi," akasema Hjörleifur, "ndiye shemeji mwenyewe. Kanuni hii imenifungia kituo. Nimeichukia, na nimemchukia aliyeiandika, naye analala upande wa pili wa kitanda changu. Lakini nilipokosa, nilijua nimeshindwa na kazi ya mtu, sikushindwa na mjomba wake. Basi iacheni. Siku nitakayopata, sitaki mtu aseme nilipatia kitandani."

Mama alikuwa ameinamisha uso. Sijawahi kumwona akitafuta kitambaa kwa muda mrefu namna ile. Kura zikapigwa, kanuni ikabaki. Baadaye Hjörleifur aliomba tena, akapimwa na watu wasiojua hata kulitamka jina lake, akapata. Kibanda kikafunguliwa. Na katika nchi hii, ambamo mtu akipiga chafya Akureyri anaombewa afya Reykjavík, hakunong'ona hata mmoja.

Mama, tangu uteuliwe hujatia mguu kwenye bwawa la maji moto la mtaani kwako, kwa sababu waombaji walikuwa wanakuzingira kama papa, wakikuuliza maombi yao yamefikia wapi. Watumishi wenzako tumekununulia tikiti ya mwaka mzima. Kesho asubuhi nenda ukaloe. Atakayekusogelea majini hatakuwa na shida yoyote kwako. Atakuwa anakupenda tu, na sasa inaruhusiwa.

Mheshimiwa Waziri, ndugu zangu nyote, nimewashikilia vya kutosha na keki inawangoja. Kwa masikio yenu na subira yenu, asanteni sana.