Lambodar Jha na Jiwe la Bhairavpatti

Marehemu Lambodar Jha, baba yetu mdogo, alizaliwa tarehe 14 Agosti 1951 hapa Bhairavpatti, uwanda wa udongo mtupu ambako hata kokoto ya kumfukuzia mbuzi hununuliwa mjini, isipokuwa jiwe moja tu, Baba Bhairav wa hekaluni, ambaye wazee husema alianguka kutoka mbinguni, kwani angetokea wapi kwingine?

Alisoma shule ya kijiji, mwaka 1969 akaenda mji wa Patna kusomea miamba, akaajiriwa serikalini, idara ya miamba, tarehe 3 Machi 1975, na tarehe 20 Mei 1978 akamwoa Sunaina, binti wa kuhani wa hekalu, wakajaliwa Kirti na Madhav. Wapo waliosema alioa ili alisogelee jiwe. Mama mdogo hajawahi kukanusha.

Marehemu alitaka kujua jambo moja, kama jiwe lile kweli ni kimondo, lakini Baba Bhairav hupakwa zingifuri, ile rangi nyekundu, na mafuta kila Jumanne, ganda limenenepa hata sumaku, ambayo hunasa kimondo, haishiki, na desturi hairuhusu kulibandua, husubiriwa lidondoke lenyewe. Alipoomba kukwangua kidogo tu, shemeji yake Phuleshwar, aliyerithi ukuhani, alimjibu, "Dada yangu umeshachukua, shemeji, sasa unataka na mungu wetu?" Idara nayo ilimrudishia fomu ya kuomba uchunguzi mara tatu, kwa kuwa sehemu ya tarehe ya kuanguka kwa jiwe ilikuwa tupu. Akangoja miaka arobaini na minne.

Figo zilianza kumsumbua Novemba 2021, na asubuhi ya tarehe 11 Machi 2023, akiwa hainuki tena, ganda lilidondoka, zima kama la yai. Phuleshwar aliagiza marehemu abebwe pamoja na kitanda chake hadi hekaluni, "Haraka, shemeji, adhuhuri napaka upya!" Marehemu akaigusisha sumaku kwenye jiwe mara tatu, ikateleza mara tatu.

"Kwa hiyo Baba hakutoka juu?" akauliza Phuleshwar.

Marehemu alicheka mpaka akakohoa. "Hakutoka juu, wala hakutoka hapa. Hili ni jiwe la mlimani, na mlima uko mbali, mwendo wa siku nyingi. Wanaume wanne hawamwinui, jamani, lakini kuna watu walimbeba. Akina nani?"

Aliiandikia idara swali hilo kwenye fomu, tarehe akaiacha wazi tena, akafariki tarehe 2 Aprili 2023. Fomu imerudi jana, inamtaka afike ofisini mwenyewe.

Tunawashukuru madaktari, wafanyakazi wenzake, na majirani waliobeba kitanda kwenda na kurudi.

Pumzika kwa amani, baba mdogo, na ukikutana huko na waliombeba Baba Bhairav, waulize.