Chuma Kwanza, Maji Baadaye

Mzee wetu alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kinu cha mafuta ya zeituni, akiwa kitinda mimba. Alisoma shule ya msingi jirani na kinu, kisha chuo cha kilimo, alikohitimu mwaka 1973.

Mwaka huohuo aliajiriwa kuwa bwana shamba kwenye mizeituni ya bonde lenye udongo wa chokaa, akabaki huko hadi alipostaafu. Majani ya miti ile yalikuwa njano, mishipa tu ndiyo ya kijani. Alimweleza kila aliyetaka kusikia, na asiyetaka pia, kwamba chuma kimo tele ardhini ila chokaa imekifunga, mizizi haikipati. Dawa yake ilikuwa unga mwekundu wa chuma kisichoshikwa na chokaa, unaofukiwa karibu na mizizi na kumwagiliwa. Msimu wa kwanza alimwambia nyapara, "Safu ya chini, chuma kwanza, maji baadaye." Jioni nyapara akaja na makreti ya zeituni changa, ngumu kama kokoto. "Nimechuma zote, bosi. Maji ndiyo naanza." Marehemu aliketi juu ya kreti akacheka mpaka akashika mbavu. Jina la Chuma Kwanza halikumtoka tena.

Alimwoa mama yetu tarehe 6 Agosti 1977. Walipanda mzeituni mmoja karibu na kamba ya nguo. Ule unga ukigusa nguo hautoki, na mama aliupiga marufuku pale. "Baba watoto, mti wako ubaki njano, shuka zangu zibaki nyeupe." Kila mwaka aliomba, kila mwaka alinyimwa, ukawa utani wao.

Figo zilianza kumsumbua mwaka 2021. Daktari alipomwambia damu yake haipati madini ya chuma, alijibu, "Kimo, daktari, kimefungwa tu." Akawekewa kwa dripu. Tulisubiri rangi imrudie. Haikurudi. Alifariki tarehe 9 Februari 2024, mchana, mama akiwa amemshika mguu. Tangu hapo hatujui tunahisi nini. Tunafagia, tunajibu simu.

Ameacha mjane, mimi bintiye wa kwanza, wadogo zangu wawili wa kiume, na wajukuu sita. Leo asubuhi mama alianua shuka zote, akachimba kuzunguka ule mti, akafukia unga kwa mikono mitupu. Kwa hiyo mkimpa mkono wa pole, msishtuke ukiwa mwekundu.

Apumzike kwa amani. Mti wake umepata.