Gunia la Mazoezi

Enzi zile za uhaba wa mafuta, magari yalipokatazwa kutembea Jumapili alasiri, barabara ya Karatu ilikuwa nyeupe mpaka ng'ombe wakaigeuza kitanda. Kijiwe chetu kilikuwa ubao mmoja mbele ya jiko la kahawa la Mama Antonia, na ubishi wetu mwaka ule ulikuwa Sylvesta. Wiki nzima aliendesha mashine ya kusaga. Jumapili tu ndiyo aliyokuwa nayo ya kujiandaa kwa mbio za baiskeli za Saba Saba, kutoka Mto wa Mbu kupanda hadi ukingo wa kreta. Zilibaki Jumapili mbili. Mkewe Monika alikuwa nesi kule juu Nainokanoka, na tangu ahamishiwe huko, kabla ya mvua, hawakuwa wameonana. Sylvesta alimwahidi kumpelekea kikombe cha ushindi. Jamaa alikonda kwa hamu, sisi tukasema ni mazoezi.

Jumapili hiyo keria ya baiskeli yake ilifungwa gunia la mahindi. Melkizedek, fundi cherehani tuliyemwita Injinia, alijaa sifa.

INJINIA: Gunia langu, elimu yangu. Apande nalo mlima wa Rhotia. Siku ya mbio akilitua, anaruka!

Josephati, yaani Redio, hakukubali.

REDIO: Wewe shona suruali. Haraka haraka haina baraka. Aende polepole, wenzake wachoke kumsubiri.

INJINIA: Mbio gani za kusubiriana?

REDIO: Basi baiskeli ndiyo ifanye mazoezi! Ikalale msituni Oldeani, izoee baridi. Mgaagaa na upwa hali wali mkavu.

ANTONIA: Upwa upi, Redio, kwenye vumbi hili?

INJINIA: Au afumbe jicho moja, mlima uonekane nusu.

Sylvesta alikuwa akitazama kule juu, wingu lilikolalia msitu.

SYLVESTA: Nimemkumbuka, jamani. Lakini nitafikaje mikono mitupu? Nilimwahidi kikombe.

Mama mmoja wa Kimaasai, Nareyu, aliyekuja kusaga unga akakuta mashine imefungwa, alikuwa amekaa nasi akinywa kahawa. Akaweka kikombe chini.

NAREYU: Monika nesi? Huyo ni wetu. Akisikia kengele ya baiskeli anaacha kazi, anatoka nje kuangalia.

Sylvesta akageuka.

NAREYU: Mimi nimetoka huko kwa miguu. Huyu ana baiskeli. Anangoja nini?

Injinia akajifanya anatafuta sindano. Antonia akainamisha birika, yakatoka machicha matupu.

Sylvesta aliinuka akashika kamba ya gunia. Tukadhani analitua. Kumbe anaikaza.

INJINIA: We! Mahindi yangu!

SYLVESTA: Sitafika mikono mitupu.

REDIO: Na kesho, mashine?

SYLVESTA: Mwambieni bosi niko mazoezini.

Akapanda. Kwenye kona ya kwanza tukasikia anapiga kengele, na barabarani hapakuwa na mtu wa kumpisha.