Mama Chupa na Mnyama wa Bahari Kuu

Ndugu wafiwa, majirani na nyote mliokuja kutushika mkono, mimi ni kifungua mimba wa marehemu, nimetumwa na familia kusoma maisha yake, na niseme mapema kwamba karatasi hii aliikagua mwenyewe mwezi Aprili, akakata maneno "mpole" na "mnyenyekevu" kwa kalamu nyekundu, kwa hiyo mkiyakosa msidhani tumesahau.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, mtoto wa nne wa fundi viatu na mshona mashuka ya hospitali, katika chumba cha nyuma ya karakana ya baba yake. Alianza shule Januari 1958, akafika kidato cha pili, akaacha Agosti 1967 baba yake alipopooza, na ameagiza isomwe wazi kwamba siku anaondoka alikuwa wa kwanza darasani.

Tarehe 3 Februari 1972 aliajiriwa katika kituo cha utafiti wa bahari kuosha chupa za sampuli, na makarani wakambandika jina la Mama Chupa kwa kumcheka, naye akalidarizi kifuani mwa koti lake la kazi kwa uzi wa bluu, wakakosa la kucheka. Hapo kituoni alimpata mumewe, baba yetu, fundi wa majokofu, wakafunga ndoa tarehe 20 Desemba 1975, wakajaliwa watoto watatu, ambao ni mimi, dada yangu muuguzi na mdogo wetu seremala.

Nyavu za meli ya kituo zilikuwa zikileta kutoka bahari kuu vipande laini vinavyofanana na konyeza, yule mnyama wa baharini anayewasha mwili, vingine kama kengele, vingine kama majani ya kioo, vingine nyuzi tupu, na wataalamu walikitia kila kipande katika chupa yake na kukipa jina lake, wakiamini ni wanyama mbalimbali. Marehemu, ambaye chupa zote zilipita mikononi mwake, aliona kwamba kengele zikija, majani na nyuzi havikosi, akahesabu kwa miaka sita katika daftari kuukuu la shule, kisha akamwendea mkuu wa maabara akamwambia, "Mkubwa, hawa si wanyama wengi, ni mmoja, nyavu ndizo zinazomkata." Mkuu alimjibu bila kuinua macho kwamba kazi yake ni kuosha.

Aliosha, ila hakunyamaza. Aliomba kupanda meli mara nne akanyimwa, mara ya tano akaingia kama msaidizi wa mpishi, na asubuhi ya tarehe 6 Mei 1986, maji yakiwa yametulia tuli, alimwona mnyama mzima akielea ubavuni mwa meli, akamsihi mzamiaji wa kituo, mpiga mbizi wao, amkinge kwa chombo cha kioo badala ya wavu. Mnyama huyo alikuwa kama utepe mrefu kuliko jeneza hili, wenye mamia ya viungo, kila kiungo ni mnyama mdogo, wote wamechipuka kutoka yai moja, hawa wa kuogelea, hawa wa kula, hawa wa kuzaa, na hakuna awezaye kuishi peke yake. Marehemu alimchora kwa saa nne mfululizo hadi mnyama alipoanza kukatika vipande, na chakula cha mchana siku hiyo kiliungua, jambo ambalo hakuwahi kuliombea radhi.

Mchoro ule ulichapishwa mwaka uliofuata ukiwa na jina la mkuu wa maabara peke yake. Marehemu alipolalamika aliitwa ofisini kwa mkuu huyo, akawekewa mezani barua ya kupandishwa cheo pamoja na karatasi ya kukiri kwamba alichora kwa kuelekezwa, akazisoma zote mbili, akauliza, "Nielekezwe na nani, na wewe ulikuwa nchi kavu?" Hakutia sahihi. Alihamishiwa stoo ya chini, chumba kisicho na dirisha, akakaa humo miaka kumi na moja, na kila tarehe 6 Mei aliipelekea bodi ya kituo barua ileile ya kudai jina lake, nakala ya daftari ikiwa imebanwa nyuma yake. Mimi mwenyewe nilimwambia anajichosha bure na watu wanatucheka, akanitazama, akasema, "Sasa wewe ulitaka nikufundishe nini, kunyamaza?"

Baada ya barua ya kumi na moja, yule mzamiaji, aliyekuwa ameshastaafu na hana tena wa kumwogopa, alijitokeza kutoa ushahidi, na tarehe 17 Septemba 1998 bodi ilichapisha masahihisho yenye jina kamili la marehemu. Sherehe waliyomwandalia hakwenda, alisema ana zamu stoo.

Figo zake zilianza kushindwa Novemba 2021, akawa anasafishwa damu mara mbili kwa wiki, hadi Ijumaa tarehe 9 Juni 2023, saa nne asubuhi, alipofariki akiwa na miaka 72. Baba yetu alimtangulia, naye ameacha watoto watatu na wajukuu saba. Alituonya asisimame mtu hapa kuifananisha familia yetu na mnyama yule, akasema, "Yule hana hiari. Mimi nimekaa nanyi kwa kupenda."

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliovumilia ubishi wake, majirani waliotupikia wiki nzima, wenzake wa stoo, na mzee mzamiaji aliyeketi pale mbele. Familia ya mkuu wa maabara imeleta shada la maua, tumelipokea kwa heshima, lakini hatukubadilisha hata mstari mmoja aliouacha kwenye karatasi hii.

Pumzika kwa amani, mama. Kilichokuchukua ni figo, binadamu hakuna aliyekuweza.