Macho Yangu na Lawama ya Mama

Bwana asifiwe, wapendwa! Asifiwe hata na ninyi mlioketi pembeni. Siwaoni, lakini nawasikia mkiitikia.

Mimi ni Nakijwa, mkulima wa tangawizi, wa hapa hapa Chome. Nilipokuwa mdogo niliamini kila mtu huwa kipofu jua likizama. Ukungu ulishuka kutoka mlima Shengena, ukafunika migomba, ukafunika njia, nami nikadhani umeingia machoni mwa watu wote, tunaelea humo pamoja. Ilikuwa raha, ndugu zangu, kama kuota huku unatembea!

Nikakua. Wazee wakaanza kulalamika kwamba nawapita jioni bila kuwaamkia. Binti wa Kipare asiyetoa shikamoo! Nikaona heri nimwamkie kila kivuli. Siku moja nilimwamkia ng'ombe wa jirani, tena kwa kupiga goti. Mlicheka, nami nilicheka. Mama hakucheka.

Maana kaka yake Mama alikufa kipofu. Watu wakanong'ona kwamba upofu wangu huu umetoka ukoo wa Mama, kwamba kuna laana huko kwao. Baba hakusema neno, na kunyamaza kwake kulimuumiza Mama kuliko minong'ono yote. Macho yangu yakazidi kufifia kutoka pembeni, mpaka nikawa naona kama mtu anayechungulia kwenye tundu la ufunguo. "Mwanangu, nisamehe," Mama aliniambia.

Bwana akafungua njia, tukashuka wote watatu kwenda hospitali ya rufaa. Wakatupima damu. Daktari akatueleza kwamba nyuma ya jicho kuna utando unaopokea mwanga, na kwamba chembe zake zinakufa polepole kwa sababu kuna protini ambayo mwili wangu haujui kuitengeneza. Kisha akasema, "Hili mmempa wote wawili, mama na baba. Angelipata kwa mmoja tu, asingeugua."

Baba alimgeukia Mama. Halafu akasema, "Kumbe na mimi nimo."

Mama akajifunika uso kwa kanga, akalia. Nami nikalia kwa sauti mle mle ndani, sikuona aibu.

Nikakubali kuingia kwenye majaribio ya dawa ya protini, inayochomwa jichoni ili chembe zilizobaki zisife. Sindano ya jicho, jamani! Ningekimbia, ila ningekimbilia wapi bila kuona njia? Dawa hairudishi kilichopotea, na daktari anasema bado ni mapema kuisifu. Lakini tangu hapo giza halijasogea. Mimi namsifu Bwana, maana hata hao wanaoitafuta dawa, akili wamepewa naye.

Ndugu yangu mwenye mtoto anayejikwaa jioni, mpeleke akapimwe. Omba, tena omba sana, lakini usitafute mchawi ndani ya nyumba yako. Mtumaini Mungu, hamwaibishi mtu.

Jumapili tuliporudi kutoka hospitali, mliona wenyewe. Baba aliinuka upande wa wanaume, akavuka katikati ya kanisa, akaenda kuketi na Mama kati ya wanawake. Wengine mkaguna. Bado wako pale, hata sasa. Siwezi kuwaona kwa pamoja, lakini nikigeuza kichwa taratibu, namwona Mama, halafu namwona Baba, wamekaribiana hivyo. Haleluya!