Bi. Nasike na Vigingi vya Nyota Yenye Mkia

Bi. Wilkister Nasike, msimamizi wa maabara ya shule yetu, anastaafu tarehe 30 Novemba 2006 baada ya utumishi wa miaka ishirini na minane. Mwalimu Mkuu, Bw. Kiragu, amemwomba mwandishi huyu, aliyekuwa naibu wake na ambaye sasa anapumzika kwake Nkoroi, aandike wasifu wa mstaafu kwa programu ya sherehe ya kumuaga. Mwandishi anaomba radhi mapema. Wapo waliostahili kazi hii zaidi yake, na sababu itaonekana kabla ukurasa haujaisha.

Bi. Nasike alikuja kutoka magharibi mwa nchi mwaka 1978, wakati maabara ilikuwa chumba kimoja cha mabati chenye mifereji miwili, mmoja wa maji na mwingine wa matumaini. Nyumbu walikuwa bado wakikatiza uwanja wa kandanda kuelekea mbugani. Katika miaka yake yote hakuna mwanafunzi aliyepelekwa hospitali kwa sababu ya asidi. Kila chupa ilikuwa na jina, tarehe na sahihi. Mwaka 1989 mbuzi wa jirani yetu, Mzee Saning'o, aliingia maabarani akala karatasi zote za litmasi, nyekundu na buluu. Bi. Nasike alimfuata mbuzi huyo siku mbili, daftari mkononi, kisha akaandika taarifa kwamba hakubadilika rangi.

Tabia hiyo ya kufuata jambo na kuliandika ndiyo iliyomponza mwezi wa Aprili 1997.

Wengi watakumbuka nyota yenye mkia iliyoonekana mwaka ule baada ya jua kutua. Sisi wengine tuliitazama jioni mbili tatu, tukarudi kwenye chai. Bi. Nasike aliamua kuifuata. Wanafunzi walikuwa likizoni, naye akasimika nguzo moja katikati ya uwanja. Kila saa moja na robo jioni, mawingu yakiruhusu, alisimama kwenye nguzo hiyo, akapima urefu wa nyota juu ya upeo kwa kipimapembe kilichofungwa uzi na nati, kisha akaenda hatua thelathini kuielekea na kupigilia kigingi chini yake kabisa. Mwangaza aliukadiria kwa kuulinganisha na nyota tano alizokuwa amezipa namba. Alipaka vigingi rangi nyekundu kichwani ili mfyekaji nyasi asivigonge. Rangi nyekundu ndiyo pekee iliyokuwepo stoo.

Msomaji anayeishi hapa Kitengela hahitaji kuelezwa zaidi. Miaka ile ardhi ilikuwa ikikatwa vipande kila wiki, na mtu alilala mwenye malisho akaamka mpakani. Kigingi chenye kichwa chekundu kilikuwa na maana moja tu: mpaka wa ploti mpya. Vigingi vya Bi. Nasike vilikuwa vikitambaa kila jioni, kutoka kaskazini-magharibi kuelekea magharibi, na uwanja wetu haukuwa na ua upande huo. Kigingi cha sita kilisimama ndani ya malisho ya Mzee Saning'o.

Mzee hakukaribia. Alisimama mbali siku tatu, akiegemea fimbo yake. Siku ya nne alimjia naibu wa mwalimu mkuu ofisini.

“Mwalimu, yule mama yenu anagawa shamba yangu jioni, watu wakiwa kwa chakula. Kama ni kazi ya haki, mbona asifanye mchana?”

Kwa kweli naibu naye alikuwa na shaka zake. Wiki hiyo hiyo Bi. Nasike alikuwa amemwomba karatasi ya grafu kutoka stoo, naye akamnyima, akidhani ni ya kuchorea ramani. Alikuwa pia amechungulia daftari lake na kusoma: “Kati ya 2 na 3, karibu zaidi na 2. Juu 14. Hatua 30.” Hayo si maneno ya nyota, alijiambia; hayo ni maneno ya ploti. Isitoshe, naibu mwenyewe alikuwa mgeni kutoka magharibi kama Bi. Nasike, na aliogopa kwamba watu wakimshuku mmoja watawashuku wote wawili. Tarehe 21 Aprili aliandika barua kwa bodi, akapendekeza Bi. Nasike aondolewe shuleni.

Bodi ilikutana Alhamisi iliyofuata, saa kumi na moja jioni. Bw. Kiragu alimpa Bi. Nasike ile barua aisome na kuijibu. Aliisoma mara mbili, akaikunja. Kisha akaomba jambo moja: bodi isiamue kabla ya saa moja na robo. Mawingu yalikuwa yameificha nyota kwa siku nne, kwa hiyo hakuna aliyejua ilipo. Yeye angekadiria kwa vigingi vilivyotangulia na kusimika kingine mbele yao kabla ya jua kutua. Nyota isipotokea juu yake, aende.

Wajumbe walitoka uwanjani na viti vyao. Mzee Saning'o alikagua kigingi kama anayekagua ng'ombe wa kununua. Saa moja ilipita, mawingu bado mazito. Mjumbe mmoja aliuliza kama hata mawingu yameandikiwa barua. Ndipo upande wa magharibi ulipopasuka kidogo, na nyota ikaonekana, mkia wake juu. Ilikuwa kushoto mwa kigingi kwa upana wa kidole. Watu walipiga makofi. Bi. Nasike hakupiga. Alikuwa akiandika kosa la kidole kimoja.

“Ngojeni,” akasema Mzee Saning'o. “Mtu anayeweza kupima nyota, shamba itamshinda?”

Bodi ilicheka.

Bi. Nasike ndiye aliyejibu, akimwita baba kwa lugha yake. “Papa, una haki ya kuuliza. Basi njoo unichunge.”

Ikaamuliwa abaki, vigingi ving'olewe, na kila jioni Mzee asimame mwenyewe mahali pa kigingi na fimbo yake, kisha aondoke nayo. Alikuja jioni ishirini na mbili, hadi mwisho wa Mei. Salamu ilikuwa “Takwenya,” jibu “Iko,” na baada ya hapo ni shaka tupu. Bi. Nasike alimwomba akadirie mwangaza kabla hajaonyeshwa daftari, ili jicho la mmoja lisimdanganye mwingine. “Anaficha karatasi kama mtoto wa mtihani,” Mzee alilalamika. Alipoambiwa kwamba nyota hiyo itazunguka jua na kurudi baada ya zaidi ya miaka elfu mbili, aliuliza ni nani aliyeingoja mara ya kwanza. Hata hivyo, yeye ndiye aliyetangulia kuona kwamba nyota inafifia, siku mbili kabla ya Bi. Nasike. Hilo nalo liliandikwa, kwa jina lake.

Mwezi huu mwandishi alikwenda maabarani kuuliza tarehe za kazi kwa ajili ya wasifu huu. Bi. Nasike alimpa jalada, akaenda kuchemsha chai. Ndani yake kulikuwa na mchoro wa mwangaza wa nyota kwa siku zote zile: nukta za buluu zake, nukta nyekundu za Mzee Saning'o, zikishuka pamoja kama watu wawili wanaoteremka mlima. Chini aliorodhesha waliomsaidia. Wa mwisho aliandikwa hivi: “Karatasi: Bw. Otiende.”

Niligeuza. Upande wa pili ulikuwa barua yangu ya tarehe 21 Aprili, na sahihi yangu.

Miaka tisa alikuwa nayo. Katika miaka hiyo alinimiminia chai, na tulipompeleka marehemu mke wangu kumzika nyumbani, yeye ndiye aliyesafiri nasi usiku kucha. Hakuwahi kuitaja. Dada Wilkister, nilikushuku bila kukuuliza, jambo ambalo Mzee Saning'o hakulifanya. Naomba unisamehe, mbele ya wote watakaosoma programu hii.

Shule inakushukuru. Nenda kwa amani, upate mbingu zisizo na mawingu, na jirani mwenye shaka wa kukusaidia kuhesabu. Karatasi ya grafu utaletewa, bunda zima, mpaka mlangoni.

Eliakimu Otiende,
Nkoroi